Mashine Zilizojifunza Kuwa na Shaka

Uingereza ilikuwa bado inagawa nyama na sukari kwa kadi, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati William Grey Walter alipoanza kuunda kobe wake. Walter alikuwa mtafiti wa ubongo katika Taasisi ya Burden mjini Bristol, na kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya umeme katika vichwa vya watu. Kati ya mwaka 1948 na 1949 aliunda mashine mbili ndogo za magurudumu matatu, kila moja ikiwa imefunikwa gamba, akazipa majina ya Elmer na Elsie. Ndani ya kila kobe mlikuwa na valvu mbili tu za redio, mota mbili, betri, jicho moja la umeme, na swichi iliyojificha chini ya gamba.

Jicho lile lilifungwa kwenye mhimili wa gurudumu la mbele, likawa linageuka pamoja nalo. Kwa hiyo kobe alikagua chumba kizima huku akitembea kwa kujipindapinda. Akiona mwanga wa wastani aliufuata. Mwanga ukiwa mkali mno aliukwepa. Akigonga mguu wa meza, gamba lilibonyeza swichi, naye akawa anasukuma, anarudi nyuma, anageuka, mpaka achomoke. Betri ikianza kwisha, mwanga mkali haukumfukuza tena, na hapo ndipo alipoweza kuingia katika kibanda chake chenye taa na kujichaji. Walter aliwasha mshumaa juu ya gamba, akaacha kamera wazi gizani. Picha zilizotoka zinaonyesha mstari mweupe ukipinda na kuzunguka vitu sakafuni hadi kibandani, na mimi zinanivutia kuliko filamu nyingi za roboti zilizotengenezwa kwa fedha nyingi baada ya hapo.

Hata hivyo kobe wa Walter hakujua lolote kuhusu mahali. Hakuwa na ramani, hakukumbuka alikotoka, wala hakuwa na wazo la upande au umbali. Alifika nyumbani kwa kuwa nyumbani palikuwa na taa. Ukiizima taa, nyumbani hakuna. Hali ilikuwa hiyo hiyo miaka kumi na kitu baadaye katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ambako wahandisi walijenga mashine iliyozurura katika korido za maabara yao, ikijiongoza kwa mwangwi wa sauti na kupapasa ukuta hadi ipate soketi ya umeme ya kujichomeka. Nayo iliishi kwa dakika iliyopo tu.

Kutafuta njia kwa maana kamili kunataka mashine iwe na jibu la swali moja: niko wapi? Mwanzoni wahandisi walitaka jibu hilo liwe moja na la hakika. Iliwachukua muda mrefu kukubali kwamba mashine inayofika salama ni ile inayojua ukubwa wa kutojua kwake, na kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, kubwa kuliko kompyuta zenye kasi na leza za bei ghali.

Jaribio la kwanza kubwa la kupata jibu la hakika lilifanyika Menlo Park, California, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Charles Rosen na wenzake, wakilipwa na idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, walijenga mnara wa vyuma wenye magurudumu, kamera ya televisheni juu, kipimaumbali, na nyaya nyembamba pembeni za kuhisi mguso. Ulitikisika kila uliposimama, wakauita Shakey. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa mno kubebwa. Ilikaa katika chumba kingine na kuzungumza na roboti kwa redio. Vyumba vya Shakey vilitayarishwa maalumu: sakafu safi, masanduku yaliyopakwa rangi, na ukanda mweusi chini ya kuta ili kamera ione vizuri mahali ukuta unapokutana na sakafu.

Kutoka kwa Shakey tulipata kitu kinachotumika mpaka leo katika simu za mkononi na michezo ya kompyuta. Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael walichapisha mwaka 1968 kanuni ya kutafuta njia fupi, waliyoiita A*. Walijenga juu ya kazi ya Mholanzi Edsger Dijkstra, ambaye mwaka 1956 alikaa na mchumba wake kwenye baraza ya mkahawa mjini Amsterdam akabuni kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Kanuni ya Dijkstra hutanua utafutaji pande zote kwa usawa. Watu wa Shakey waliongeza makadirio: kwa kila njia inayochunguzwa, hesabu umbali uliokwisha kwenda, kisha ongeza umbali wa moja kwa moja uliobaki hadi mwisho. Njia zinazoelekea upande usiofaa zinajikuta nyuma ya foleni. Hart na wenzake walithibitisha kwamba, mradi makadirio hayo hayazidishi umbali halisi, jibu litakuwa fupi kuliko yote.

Kwa hiyo tatizo la "nipite wapi?" lilipata ufumbuzi mzuri mapema sana. Ila kanuni hiyo inaanza kwa kudhani kwamba ramani ni sahihi na kwamba roboti imesimama pale inapodhani imesimama.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Njia rahisi ya roboti kujua ilipo ni kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake. Gurudumu likizunguka mara kadhaa, umekwenda mita kadhaa. La kulia likizidi la kushoto, umegeuka. Lakini sakafu ina vumbi, mpira unabonyea, gurudumu linateleza kidogo kwenye kona. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 1 tu, baada ya mita 10 umetoka nje ya mstari kwa sentimita 17 hivi; baada ya mita 100, kwa karibu mita 1 na robo tatu. Kila kosa jipya linapanda juu ya la zamani, na hakuna kitu ndani ya mashine kitakacholifuta. Shakey ilipewa dawa yake: ikisafiri kitambo ilitazama kona ya mlango au ukuta na kurekebisha hesabu. Katika vyumba vilivyofagiliwa, vyenye vitu vichache vinavyojulikana, dawa hiyo ilitosha.

Si mbali na hapo, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Stanford, kulikuwa na mkokoteni wa zamani. Uliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mwanafunzi James Adams, aliyetaka kujua kama mtu aliye duniani anaweza kuliendesha gari lililo mwezini huku picha zikichelewa sekunde chache. Mashine hiyo, yenye magurudumu manne ya baiskeli na kamera juu, iliishia mikononi mwa Hans Moravec, kijana mzaliwa wa Austria. Yeye hakutaka kuiwekea sakafu safi. Alitaka ivuke chumba kilichojaa viti, ikitumia macho peke yake.

Alivyofanya ni hivi. Kamera iliwekwa kwenye reli fupi, ikateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine na kupiga picha 9. Kompyuta ilichagua katika picha hizo vipande vinavyotambulika, pembe ya kiti au doa ukutani, ikaangalia kila kipande kilivyohama kutoka picha moja hadi nyingine. Kilicho karibu huhama sana, kilicho mbali huhama kidogo. Kwa hiyo umbali ulipatikana. Mkokoteni ukasogea kama mita 1, ukasimama, ukapiga picha 9 nyingine, ukavitafuta vipande vile vile, na kwa kuona vilivyobadilika ukajua umesogea kiasi gani hasa. Kila hatua ilichukua dakika 10 hadi 15 za hesabu. Mwezi Oktoba mwaka 1979 mkokoteni ulivuka chumba cha mita 20 chenye viti bila msaada wa mtu, kwa muda wa saa 5 hivi.

Saa 5 kwa mita 20! Moravec aliutoa nje pia, na huko ukashindwa kwa sababu ambayo sijaacha kuifikiria. Jua la California lilikuwa kali, na vivuli vilikuwa na kingo zilizokatika vizuri, vyepesi kutambulika katika picha. Kompyuta ikavichagua kuwa alama. Lakini mkokoteni ulikuwa wa polepole kiasi kwamba, kati ya hatua moja na nyingine, jua lilikuwa limesogea na vivuli navyo vimehama. Mashine iliamini kwamba kilichosimama kimesimama, ikahesabu mahali pake kwa kutegemea vitu vilivyokuwa vikitembea. Macho hayakuwa na kosa, wala hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuziamini picha zote kwa kiwango kile kile.

Mmoja wa waliomsaidia Moravec usiku wa majaribio hayo alikuwa mwanafunzi Mwaustralia, Rodney Brooks, na somo alilolichukua lilikuwa la kuasi. Aliona mdudu akiruka, anakwepa mkono na kutua penye chakula, huku akiwa na ubongo mdogo mno kuweka ramani. Basi kwa nini roboti ikae dakika 15 ikichora chumba ambacho kiko mbele yake? Mwaka 1986, akiwa katika chuo cha MIT, alichapisha mpango wa kujenga roboti kwa tabaka za tabia: tabaka la chini linakwepa kugonga, la juu yake linazurura, la juu zaidi linakwenda kutazama vitu. Hakuna ramani kuu, hakuna kikao cha kupanga. Mashine zake zilitembea kwa kasi ambayo watu wa Shakey hawakuiota, na mwaka 2002 kampuni aliyoianzisha pamoja na Colin Angle na Helen Greiner ilianza kuuza Roomba, kifyonza vumbi cha duara kinachogonga, kinageuka, kinafuata ukuta, kinazunguka. Namheshimu sana Brooks kwa ujasiri ule. Lakini mdudu hana miadi ya kufika chumba namba fulani, na Roomba ile ilifagia sehemu moja mara nyingi na nyingine ikaisahau. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ilitoa Roomba yenye kamera inayochora ramani ya nyumba.

Moravec mwenyewe alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na alikuwa amejaribu kifaa cha bei nafuu: kipimaumbali cha sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya kamera za Polaroid. Hupiga mlio usiosikika na kungoja mwangwi. Ubaya wake ni kwamba sauti hutawanyika. Mwangwi unakuambia kuna kitu umbali wa mita 3, ila huwezi kujua ni kulia, katikati au kushoto. Mwaka 1985 Moravec na Alberto Elfes waligeuza udhaifu huo kuwa njia. Waligawa sakafu katika miraba midogo, na katika kila mraba hawakuandika "kuna kitu" au "hakuna kitu", waliandika uwezekano. Mwangwi mmoja unaongeza kidogo uwezekano wa kizuizi katika tao lote la umbali ule, na unaupunguza katika miraba yote iliyo kabla yake, kwa kuwa sauti ilipita hapo bila kugonga. Vipimo mia moja dhaifu, kila kimoja kikipewa uzito wake mdogo, vikapangana mpaka ukuta ukajitokeza. Hapa ndipo shaka ilipoingia ndani ya ramani na kuandikwa kwa tarakimu.

Mwaka uliofuata wataalamu wa roboti walikutana San Francisco. Pembeni mwa mikutano rasmi walikaa Peter Cheeseman, Jim Crowley, Hugh Durrant-Whyte na wengine, Raja Chatila, Olivier Faugeras na Randall Smith wakitia neno. Durrant-Whyte ameandika kwamba vitambaa vya karatasi vya mezani vilijaa michoro na hesabu. Swali lao lilikuwa hili: ili roboti ijue ilipo inahitaji ramani, na ili ichore ramani inahitaji kujua ilipo. Ikiwekwa mahali isipopajua, bila ramani, itaanzia wapi?

Zana ya kuanzia ilikuwapo. Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1960 njia ya kuchanganya utabiri na kipimo kwa haki: kila kimoja kinapewa uzito kulingana na kiasi kinavyoaminika, na jibu linatoka pamoja na kiasi cha kosa linaloweza kubaki. Wahandisi wa safari za Apollo waliitumia kuongoza vyombo kwenda mwezini. Smith na Cheeseman, pamoja na Matthew Self, waliileta kwenye ramani za roboti, na wakaona jambo ambalo naliona kuwa kiini cha hadithi nzima.

Chukua roboti inayopita korido isiyoijua. Inaona mlango wa kwanza, inaandika mahali ulipo. Inasonga mbele, inaona mlango wa pili, inauandika. Kama ilikuwa imekosea nusu mita kuhusu mahali pake, basi milango yote miwili imeandikwa vibaya, lakini imekosewa kwa nusu mita ile ile na kwa upande ule ule. Umbali kati ya mlango na mlango unajulikana vizuri kuliko mahali pa mlango wowote. Makosa yao ni ndugu. Kwa hiyo roboti ikizunguka na kuuona tena mlango wa kwanza, inajirekebisha yenyewe, na mlango wa pili unarekebishwa hapo hapo ingawa roboti haiutazami. Kinachotakiwa ni kuweka kumbukumbu ya undugu huo kwa kila jozi ya alama.

Ajabu ni kwamba kwa miaka kadhaa wengi waliutupa undugu huo. Sababu moja ilikuwa gharama: alama 1,000 zina jozi karibu 500,000, na kompyuta za wakati ule zisingeweza kuzibeba. Sababu nyingine ilikuwa imani kwamba makosa ya ramani yangekua bila kikomo, kwa hiyo watafiti walijitahidi kupunguza uhusiano kati ya alama, wakiuona kuwa uchafu wa hesabu. Kumbe ulikuwa ndio dawa. Kadiri undugu wa makosa unavyoongezeka, ndivyo ramani inavyokaza, na makosa yanashuka hadi kiwango fulani na kubaki hapo. Hoja hiyo ilipowekwa mbele ya wataalamu mwaka 1995, tatizo la kujua ulipo na kuchora ramani kwa wakati mmoja lilipata jina lake la kifupi, SLAM, na kikundi cha Durrant-Whyte huko Sydney kikawa mojawapo ya vitovu vyake. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu vitambaa vya San Francisco.

Lakini maabara ni maabara. Wolfram Burgard, Dieter Fox, Sebastian Thrun na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bonn waliamua kuipeleka roboti mahali penye watu wasiojali hesabu. Katikati ya mwaka 1997 roboti yao, Rhino, iliajiriwa kuongoza wageni katika Jumba la Makumbusho la Deutsches mjini Bonn. Kwa siku 6 ilifanya kazi saa 47 na kusafiri kilomita 18.6. Watu waliizingira, watoto wakasimama njiani mwake, wengine wakajaribu kuipeleka pasipofaa. Vihisi vya roboti vilivyotarajia kuona kuta vikaona miguu ya watu tu, na ukiamini kwamba miguu ni ukuta, utajikuta umehamia chumba kingine kwa mawazo. Suluhisho lilikuwa kupima kila kipimo kabla ya kukiamini: kama mwangwi au leza inarudi mapema sana kuliko ramani inavyotabiri, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu amesimama hapo, kwa hiyo kiachwe. Kulikuwa pia na makabati ya vioo ambayo vihisi havikuyaona. Hayo yaliingizwa kwenye ramani kwa mkono wa mtu.

Mwaka 1998 ikafuata Minerva, katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Marekani mjini Washington. Ilichora ramani yake yenyewe, ikapiga picha za dari ili itambue ilipo kwa kutazama juu, ambako hakuna mtu wa kuiziba. Ilikuwa na uso: njia ikiwa wazi ilitabasamu, watu wakikaidi kupisha ilikunja uso na sauti yake ikakaza. Katika wiki mbili ilikwenda kilomita 44. Ukumbi mkubwa wa katikati wa jumba hilo ulikuwa mpana kiasi kwamba roboti ikifika katikati haikuona ukuta wowote karibu. Nicholas Roy na wenzake wakachukua busara ambayo manahodha wa jahazi kati ya Lamu na Kilwa waliifuata kwa karne nyingi: usikate bahari moja kwa moja ikiwa huna cha kukuonyesha ulipo; kaa karibu na pwani uone vilima na minara, hata kama njia itakuwa ndefu. Kanuni yao mpya ya kupanga safari haikupima urefu wa njia tu. Ilipima pia kiasi ambacho roboti ingepoteza uhakika wake ikipita hapo. Minerva ikawa inaambaa kando ya kuta. Kwa mara nyingine shaka ilipanda ngazi: sasa iliamua hata njia ya kupita.

Kilichofuata mwaka 1999 kilirahisisha yote kiasi kwamba leo mwanafunzi anaweza kukiandika katika programu fupi. Frank Dellaert, pamoja na Fox, Burgard na Thrun, waliacha kuitaka roboti iwe na kadirio moja lenye ukingo wa kosa. Waliipa maelfu ya makadirio kwa pamoja, kila moja likiwa chembe inayosema "labda niko hapa, naelekea huku". Mwanzoni chembe zimetapakaa jengo zima. Roboti inapima: kuna ukuta mita 2 kulia. Chembe zinazokubaliana na kipimo zinanakiliwa, zisizokubaliana zinakufa. Inasogea, chembe zote zinasogezwa kwa kubahatisha kidogo, inapima tena. Katika korido mbili zinazofanana, chembe hukusanyika makundi mawili, na roboti inasubiri bila kujidanganya, mpaka mlango mmoja uliopo huku na usiokuwepo kule uliue kundi moja. Ukiibeba roboti na kuitupa chumba kingine, ikiwa umeacha chembe chache zitupwe ovyo kila mara, itajipata tena. Kadirio moja lisingeweza hilo: likishakuwa na uhakika wa uongo, halina pa kurudi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini yote haya wakati kuna setilaiti? Chini ya anga wazi swali lina nguvu. Mwezi Oktoba mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, Rwanda, na mwaka 2018 ndege nyingine ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Juu ya maji hakuna ukuta wa kutazama, na setilaiti zinatosha. Lakini kipokezi cha kawaida hukosea kwa mita kadhaa, hakisikii vizuri chini ya paa, na hakikuambii kama kuna jiwe mbele yako.

Jangwa la Mojave lilithibitisha hilo. Tarehe 13 Machi 2004 magari 15 yasiyo na dereva yalijitokeza kushindania dola milioni 1, kwa njia ya kilomita 228 ambayo kila gari lilipewa kwa pointi za setilaiti. Lililofika mbali zaidi, Sandstorm la Carnegie Mellon, lilikwama baada ya kilomita 11.9, magurudumu yakizunguka mpaka mpira ukashika moto. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2005, magari 5 yalimaliza kilomita 212, na Stanley la Stanford, likiongozwa na timu ya Thrun, lilishinda kwa saa 6 na dakika 53.

Ndani ya Stanley lilikuwamo wazo lile lile la Bonn, la kupima kila kipimo kabla ya kukiamini. Leza juu ya paa ilikagua barabara, lakini gari likirushwa na shimo na kuinama kwa nyuzi 1, ardhi iliyo mita 20 mbele huonekana imeinuka kwa sentimita 35, na gari linafunga breki kwa ajili ya jiwe lisilokuwepo. Timu ikaamua kwamba vipimo viwili vilivyopishana muda visilinganishwe kama vilivyopigwa kwa pamoja: kadiri muda kati yake unavyokuwa mrefu, ndivyo tofauti ya urefu inavyopaswa kuwa kubwa kabla ya kuitwa kizuizi. Mawe ya kufikirika yakatoweka.

Mirihi hakuna setilaiti za kuongoza njia, na ujumbe wa redio unachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika. Roboti za huko lazima zijitegemee, na ndiko kazi ya Moravec ilikopata makao. Larry Matthies, aliyesoma Carnegie Mellon, aliipeleka na kuiendeleza katika maabara ya JPL ya NASA mbinu ile ya kupiga picha, kusogea, kutafuta vipande vile vile na kujua umesogea kiasi gani. Mwezi Aprili mwaka 2005 gari la Opportunity lilizama katika tuta laini la mchanga huku magurudumu yakiendelea kuzunguka. Kwa hesabu ya magurudumu lilikuwa linasafiri. Kwa ukweli lilikuwa linajizika. Wahandisi walihangaika hadi Juni kulitoa, na baada ya hapo liliamriwa kujikagua kwa picha kwenye mchanga, kulinganisha magurudumu yanavyosema na macho yanavyoona. Lilipofikia mwisho wake mwaka 2018 lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 45. Curiosity, lililotua mwaka 2012, lilikwenda na magurudumu yenye matundu yanayoacha herufi JPL kwa alama za Morse katika mchanga: mahali pasipo na jiwe wala ufa wa kutazama, gari linajiwekea alama zake lenyewe.

Helikopta ndogo Ingenuity haikuwa na njia ya kufanya hivyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.8, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, ikiwa imepangiwa mara 5 tu za kuruka. Iliruka mara 72. Kamera yake ya kutazama chini ilitafuta mawe na mikwaruzo ya ardhi, na kutokana na jinsi vilivyohama kati ya picha na picha ilihesabu kasi yake. Mwezi Januari mwaka 2024 ilifika juu ya matuta ya mchanga yaliyolainika, yasiyo na kitu. Mruko wa 71 ulikatizwa kwa dharura. Tarehe 18 Januari iliinuka kwa mara ya 72, moja kwa moja hadi mita 12, ili kuhakikisha iko wapi. Uchunguzi uliotolewa mwezi Desemba mwaka huo ulieleza kwamba huenda kamera haikupata alama za kutosha wakati wa kushuka. Helikopta ikatua huku bado ikisukumwa kwa upande, ikagonga mteremko wa tuta kwa nguvu, ikayumba, na mabapa ya rafadha yakavunjika. Kompyuta yake haikuharibika, na uchunguzi ulipotolewa ilikuwa bado inatuma vipimo vya hali ya hewa kwa gari la Perseverance, karibu mara moja kila wiki.